Wiki ya mwisho ya Oktoba, mbwa, na fukwe za Northumberland

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tunaishi Leeds. Tumepata likizo ya shule, wiki ya mwisho ya Oktoba, na tumekodi kempavani, lile gari lenye kitanda na jiko ndani. Tunaye mbwa, Labrador wa miaka miwili, jina lake Karafuu. Mpango wetu ni kufuata fukwe: Northumberland, kisha Scotland, tumalizie Cornwall. Kazini wengine wananiambia vuli ndiyo majira ya mbwa ufukweni, wengine wananiuliza kama nina akili timamu. Mume wangu anaswali na gari ni dogo, anauliza mbwa atalala wapi. Pia anataka kunisaidia kuendesha. Ana leseni ya Tanzania, na alihamia huku Agosti ya mwaka jana.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Akili unazo, na wote wanaokushauri wana sehemu ya ukweli. Mimi nimezaliwa Tanga, nikafundishwa bahari na baba aliyekuwa mvuvi, na sasa ni msimu wa kumi na mbili nalala garini na mbwa kwenye pwani ya kaskazini mashariki ya Uingereza. Kitu kilichonichukua muda kukielewa ni kwamba vuli ya huku na vuli ya kwetu zinaangukia miezi ileile lakini zinakwenda kinyume. Nyumbani, Oktoba upepo wa kusi umeshalegea, bahari inaingia maleleji, ule utulivu wa kati ya pepo mbili, na hata ngalawa ndogo inathubutu kwenda mbali. Huku Oktoba ndipo Bahari ya Kaskazini inapoanza kuchafuka. Kwa hiyo mwezi uleule ambao sheria inamfungulia mbwa wako ufukwe, maji yenyewe yanaanza kuufunga. Shika hilo, na utaona kwa nini nitakukatia nusu ya safari yako.

Tuanze na kukata. Iache Cornwall. Kutoka Berwick, juu kabisa ya Northumberland, hadi Penzance ni zaidi ya kilomita 800, na kwa gari la kulala lenye mbwa anayehitaji kushuka kila baada ya saa mbili, hizo ni siku mbili za barabara kuu. Scotland nayo iache. Siku saba na mchana mfupi vinatosha pwani moja tu, na Northumberland ni karibu nanyi, mwendo wa saa tatu hivi kutoka Leeds. Kaeni usiku mbili karibu na Druridge Bay, kisha usiku nne upande wa Beadnell na Seahouses. Usihame kila siku. Mbwa akilala mahali papya kila usiku hapumziki, anabweka kila mlango wa jirani unapofungwa, na nyinyi hamtalala.

Kuhusu sheria, hao wa kazini wako sahihi. Fukwe nyingi za mapumziko Uingereza hufungiwa mbwa kuanzia Mei hadi mwisho wa Septemba, na Oktoba mosi zinafunguliwa. Amri hizo hutolewa na halmashauri chini ya sheria ya mwaka 2014, na anayekamatwa hulipa faini, mara nyingi pauni 100, ambayo akipelekwa mahakamani inaweza kufika 1,000. Lakini soma kibao cha kila ufukwe, kwa sababu kuna vipande vinavyodai kamba mwaka mzima kwa ajili ya ndege. Karafuu avae mkanda wa shingoni wenye jina na anwani yenu. Hilo ni lazima tangu amri ya mwaka 1992, hata kama ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Na chipu nayo ni lazima tangu Aprili 2016. Hakikisha namba ya simu iliyosajiliwa kwenye chipu ni unayoitumia sasa.

Sasa maji. Hapa nitakaa, kwa sababu ndiyo hasa utakayoyapangia siku.

Watu wa bara wanaofika huku huona bahari kama ziwa kubwa, wakadhani ufukwe walioukuta asubuhi ndio watakaorudia jioni. Sisi wa pwani tunajua maji hukupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Tunajua pia bamvua na maji mafu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku moja au mbili baadaye maji hupanda juu sana na kukupwa mbali sana. Nusu ya mwezi ikifika, maji mafu, yanasogea kidogo tu. Northumberland wakati wa bamvua tofauti ya kimo kati ya maji makavu na maji makuu ni zaidi ya mita 4. Kwa mtu wa Zanzibar au Tanga kimo hicho si kigeni, hata kwetu bamvua hukaribia hapo. Kigeni ni baridi na giza lake.

Kila pwani ina saa yake ya bamvua, na ya huku ni hii: siku za bamvua maji hukupwa kabisa asubuhi, kama saa tatu au saa nne, na kujaa alasiri, kama saa kumi. Maana yake, mwishoni mwa Oktoba, bahari inafika juu wakati jua linazama. Ukitoka matembezini ukiwa umechelewa, unakutana na giza na maji makuu kwa pamoja, na matuta ya mchanga nyuma yako yameshalowa. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji yanajaa asubuhi, yanakupwa alasiri, nawe unaweza kutembea baada ya chakula cha mchana bila wasiwasi. Kwa hiyo kabla hujapanga chochote, angalia mwezi wa wiki yenu. Ukiwa mpevu au mwandamo, matembezi makubwa ya Karafuu yawe asubuhi. Ukiwa nusu, yawe mchana.

Kumbuka pia kuwa maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Yakianza kurudi huja taratibu, unayadharau; saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia, na katika saa hizo mbili tu hupanda nusu ya kimo chote. Kwa bamvua hiyo ni zaidi ya mita 2. Kwenye ufukwe wa tambarare maji hayajai kwanza mbele yako: yanapitia mikondo ya pembeni, yanakuzunguka nyuma, ukageuka ukakuta umesimama juu ya fungu la mchanga.

Na wiki yenu ina mtego ambao wiki nyingine hazina. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma kwa saa moja. Majedwali mengi ya maji yaliyochapishwa hufuata saa za Greenwich mwaka mzima, kwa hiyo kiangazi chote unajizoeza kuongeza saa moja. Mimi mwaka fulani nilivuka mdomo wa mto Aln, pale Alnmouth, na mbwa wangu, maji yakiwa chini ya magoti. Ilikuwa Jumapili hiyohiyo. Nikaongeza saa moja kwa mazoea, nikaamini maji yatakupwa saa nne wakati yalikupwa saa tatu. Niliporudi kwenye mto, mbwa aliingia, akachukuliwa mita kama kumi kabla hajageuka na kutoka. Mimi sikumfuata, na ilinichukua nguvu zote za moyo kutomfuata. Tulizunguka hadi darajani, mwendo wa zaidi ya saa moja, yeye akitetemeka njia nzima. Tangu siku hiyo naandika saa za maji kwenye karatasi moja kila asubuhi, kwa tarakimu za saa 24, na kuibandika juu ya usukani. Nakushauri utumie tarakimu hizo hata kama nyumbani mnasema saa za Kiswahili. Mmoja akisoma "saa tatu" na mwingine akaelewa tatu ya Kizungu, hapo ndipo watu wanapopotezana.

Jua nalo lina deni lake siku hiyo. Jumamosi linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Jumapili linazama kabla ya saa kumi na moja. Mwisho wa wiki magharibi itakuwa inaingia kama saa kumi na nusu. Mwenzio anayefuata nyakati za swala atakuwa saa yako bora ya safari: alasiri ikiingia, mgeuke, muanze kurudi garini. Mvalisheni Karafuu taa ndogo ya shingoni. Labrador mweusi au wa kahawia juu ya mchanga uliolowa, jua likishazama, haonekani hata akiwa hatua ishirini.

Mtataka kwenda Lindisfarne, kisiwa wanachokiita Holy Island, na mwende. Barabara yake hufunikwa na maji mara mbili kwa siku, na kila mwaka magari hunaswa humo; kuna kibanda juu ya nguzo katikati ya njia kwa ajili ya waliozidiwa. Halmashauri ya Northumberland hutangaza saa salama za kuvuka, nazo si za kukisia wala za kusogeza. Usivuke dakika za mwisho kwa sababu umeona gari lingine mbele limevuka. Soma pia mkataba wa kukodi: gari likiingia maji ya chumvi, hasara inaweza kuwa yenu yote. Msipange kulala kule garini. Ingieni nafasi salama ya mchana ikianza, mtoke kwenye nafasi hiyohiyo, na Karafuu awe kwenye kamba, kwa sababu kuanzia Septemba bata bukini wenye tumbo jeupe hufika hapo kutoka Svalbard, visiwa vya kaskazini kabisa. Wamesafiri bahari nzima kuja kula. Kila mbwa anapowarusha wanapoteza nguvu walizozifuata, na mchana wa kuzirudisha ni mfupi.

Na sili, wale wanyama wa baharini wenye manyoya na mapezi, je? Visiwa vya Farne, mbele ya Seahouses, vina mojawapo ya makundi makubwa ya sili wa kijivu Uingereza, nao huzaa kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba. Huko visiwani mbwa haruhusiwi kushuka. Lakini dhoruba ikipiga, mtoto wa sili anaweza kusukumwa hadi ufukwe wa bara, na utamkuta amelala kama gunia jeupe chini ya tuta. Usimsogelee, usimpige picha kwa karibu, wala usimsukume majini kwa huruma: manyoya yale meupe hayazuii maji, na hajajua kuogelea vizuri. Mama akiona mbwa karibu anaweza kumwacha mwanawe moja kwa moja. Na sili ana meno. Akimng'ata Karafuu, kidonda chake huoza vibaya. Mfunge kamba, zunguka kwa mbali, kisha uwapigie simu waokoaji wa wanyama wa baharini.

Tuje kwenye tumbo la Labrador, kwa kuwa wa aina hiyo hula kwanza na kufikiri baadaye. Baada ya upepo mkali utaona mabonge meupe au ya manjano, kama nta, mengine makubwa kama ngumi, mengine kama jiwe la kusagia. Hayo ni mawese. Ndugu zetu wa Kigoma, Burundi na Kongo wanayajua mawese mekundu ya kupikia, hawatayatambua: haya yametoka kwenye meli, yamegandishwa na baridi ya maji, yamechanganyika na uchafu na mara nyingi yananuka dizeli. Mbwa huyapenda mno. Akiyala hutapika, huharisha, na kongosho lake linaweza kuvimba hadi akafa. Ukimwona amelamba hata kidogo, usisubiri dalili, mpigie daktari wa wanyama papo hapo. Alnwick na Berwick kuna madaktari. Andika namba zao kwenye karatasi ileile ya saa za maji.

Viti vya pweza, wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota, navyo asiguse. Mwanzoni mwa 2018 kwenye pwani ya Norfolk na Suffolk mbwa walikufa baada ya kula samaki na viti vya pweza vilivyotupwa na dhoruba, vikiwa na sumu ile ile inayoweza kujikusanya kwenye chaza. Mwani mkavu hufura tumboni. Na maji ya chumvi, ambayo watu huyapuuza: mbwa anayekimbiza mpira kwenye mawimbi humeza mengi bila kutaka. Kidogo humharisha, na kuharisha usiku ndani ya kempavani hakuhitaji maelezo. Mengi humletea kutetemeka na degedege. Beba maji matamu na bakuli, umnyweshe kila dakika ishirini, na mpira mtupie juu ya mchanga, si majini. Kupe pia wapo bado Oktoba kwenye nyasi za matuta. Mkague masikio na kwapa kila jioni.

Nimekwisha kusema kwamba sikumfuata mbwa wangu mtoni. Waokoaji wa baharini husema jambo hilo kila msimu na bado watu wanakufa: mbwa akichukuliwa na maji, usiingie. Mwite kutoka mahali anapoweza kutokea, na ukizidiwa piga 999 uombe walinzi wa pwani. Maji ya Oktoba huku yana nyuzi kama 12, na mwili wako ukiingia ghafla unavuta pumzi bila kutaka, hata kama umejifunza kuogelea Raskazone, kule Tanga. Mbwa mara nyingi hutoka mwenyewe. Aliyemfuata ndiye hasa anayehitaji kutafutwa. Oktoba hadi mwanzoni mwa majira ya joto waokoaji wa ufukweni hawako kwenye viti vyao, kwa hiyo wewe ndiye jicho.

Upepo ukitangazwa kutoka mashariki au kaskazini mashariki, siku hiyo msishuke ufukweni kabisa. Dhoruba ya Babet, Oktoba 2023, ilikuja kwa upande huo na kuung'oa mnara wa taa wa South Shields kuba lake la juu. Siku kama hiyo nendeni Alnwick mjini, mkae kwenye baa moja wapo inayopokea mbwa; zipo nyingi, na haziulizi unakunywa nini. Upepo wa magharibi ni tofauti: unatoka nchi kavu, mawimbi yanalala, na ufukwe wa Bamburgh chini ya ngome unakuwa wa kwenu peke yenu.

Kuhusu gari. Mume wako asiendeshe. Leseni ya Tanzania inatumika hapa kwa miezi 12 tangu kuhamia, nayo kwake imeshapita. Inabidi aombe leseni ya kujifunzia na afanye mtihani upya, hata kama amezoea mkono wa kushoto tangu nyumbani. Akiendesha sasa, hana leseni wala bima, na lawama itakufikia na wewe.

Karafuu akiwa safarini lazima afungwe, kwa mikanda ya kifuani iliyounganishwa na mkanda wa kiti au kwenye kizimba; Kanuni ya 57 ya barabara inataka hivyo, na usalama wenu pia. Usiku alale kwenye kizimba hichohicho, nyuma, karibu na mlango wa pili. Hukumu za fikihi mwenzio amuulize sheikh wake. Mimi nasema mpangilio tu. Watu wa pwani yetu wengi ni Shafi, nao hujihadhari na mate na unyevu wa mbwa, kwa hiyo tengeni gari sehemu mbili. Mkeka wa kuswalia na nguo zake zikae kwenye sanduku la plastiki lenye kifuniko, juu, mbele. Taulo na vyombo vya mbwa vikae nyuma, visivuke. Kabla Karafuu hajapanda, mwoshe chumvi kwa lita tano za maji matamu, umkaushe nje chini ya kibaraza cha turubai. Mbwa mkavu hukaa alipowekwa. Aliyelowa hutafuta kitanda.

Msilale kwenye maegesho ya ufukweni hata kama ni tupu: mengi yanakataza usiku, na kuendesha juu ya matuta au majani zaidi ya yadi 15 kutoka barabarani ni kosa la jinai. Wekeni nafasi kambini mapema, kwa sababu nyingi hufunga baada ya likizo hii, na ombeni sehemu yenye changarawe. Majani ya Oktoba humeza magurudumu. Ulizeni mtungi wa gesi una nini. Butane hugoma kutoa gesi baridi ikikaribia sifuri, propane haigomi. King'ora cha kaboni monoksidi kijaribuni siku ya kwanza, na msiwashe jiko kujipasha joto.

Siku ya mwisho, kama maji yatakupwa asubuhi, egesheni kijiji cha Embleton mshuke ufukweni. Mchanga ni mpana, na mbele yenu magofu ya ngome ya Dunstanburgh yamekaa juu ya mwamba. Mwachieni Karafuu akimbie hapo mpaka achoke. Kisha fuateni njia ya pwani hadi Craster, mkanunue samaki waliokaushwa kwa moshi, aina ya heringi. Harufu yake itakukumbusha ng'onda. Karafuu atawaomba. Msimpe, chumvi ni nyingi na miiba ni midogo kuliko inavyoonekana.